Toleo jipya la filamu ya kutisha hufaulu lini? Hotuba kwa watengeneza filamu wa Mwanza

Ndugu waongozaji, wapiga picha, wahariri, waigizaji, mafundi wa sauti, na wapenzi wa filamu mliotoka Kirumba, Igoma, Nyegezi na Buhongwa, pamoja na ninyi mliovuka maji kutoka Ukerewe: asanteni kwa kuja.

Swali la leo ni hili: filamu ya kutisha iliyotamba zamani ikitengenezwa upya leo, inafaulu au inaharibika? Tunalijibu mapema. Inafaulu pale mtengenezaji anapojua kwa uhakika ni kitu gani kilimtisha mtazamaji wa kwanza, kisha akakitafutia sura mpya kwa mtazamaji aliye naye. Inaharibika pale anaponakili picha akidhani hofu itazifuata. Mengine yote tutakayosema, kuanzia taa hadi damu bandia, yanatoka hapo.

Tuchukue Nosferatu, filamu ya mnyonya damu, kwa sababu imepita mikononi mwa waongozaji watatu wakubwa na kila mmoja aliishika kivyake.

Ya kwanza ni ya mwaka 1922, ya Mjerumani F. W. Murnau. Hadithi aliichota kwenye Dracula, riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897, bila ruhusa ya wenye haki. Majina yakabadilishwa, Dracula akawa Orlok, na mji wa kushambuliwa ukawa wa bandari ya Ujerumani badala ya London. Mjane wa Stoker, Florence, alifungua kesi, na mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala ziteketezwe. Tunaiona leo kwa sababu nakala nyingine zilikuwa zimeshavuka mipaka.

Ni nini kilimtisha Mjerumani wa 1922? Meno marefu ni sehemu ndogo tu. Nchi ilikuwa imetoka kwenye vita vilivyokwisha 1918, na mafua makali yaliyoua watu kwa mamilioni duniani yalikuwa yamepita majuzi tu. Murnau akawawekea panya, majeneza yaliyojaa udongo, alama za msalaba kwenye milango ya wafu, na meli inayoingia bandarini bila mtu hata mmoja aliye hai kwenye usukani. Orlok anakuja na tauni. Mtazamaji wa siku zile alikuwa akiangalia jambo lililokwisha kuingia nyumbani kwake. Na angalieni: katika riwaya, Dracula anaweza kutembea mchana, ingawa nguvu zake hupungua. Anayekufa kwa kupigwa na mwanga wa alfajiri ni Orlok wa Murnau. Sheria ambayo kila mtu anaidhani ni ya kale ilipata nguvu kwenye filamu hii. Yaani filamu tunayoiita ya awali nayo ilikuwa toleo la kitu kilichotangulia, na inaishi kwa sababu ya yale iliyothubutu kubadilisha.

Kabla hamjaihukumu, itazameni ipasavyo. Matukio ya usiku yalipigwa mchana, kisha filamu ikatiwa rangi ya bluu ili mtazamaji ajue ni usiku. Ndani ya nyumba ikawa ya manjano, alfajiri ikawa ya waridi. Nakala nyingi zinazozagaa hazina rangi hizo, ndiyo maana watu hucheka kuona mnyonya damu anabeba jeneza juani. Tatizo la pili ni mwendo. Kamera ilizungushwa kwa mkono, kwa fremu, yaani picha moja moja, chache kuliko 24 kwa sekunde. Ikichezwa kwa 24, watu wanatembea kwa kurukaruka na hofu yote inayeyuka. Tafuteni nakala iliyofanyiwa ukarabati, yenye dakika zipatazo 94.

Mwaka 1979 Werner Herzog akaichukua. Haki za riwaya zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo alirudisha jina la Dracula. Hakushindana na Murnau kwa kutisha. Alimfanya mnyonya damu, aliyechezwa na Klaus Kinski, awe kiumbe aliyechoka kuishi, na mwishoni mume aliyeokolewa anageuka kuwa mnyonya damu mwenyewe na kuondoka juu ya farasi. Hofu ya Murnau ilikuwa ya ugonjwa unaokuja kutoka nje. Ya Herzog ni kwamba kumuua aliyeuleta hakusaidii kitu.

Ya Robert Eggers ilitoka Desemba 2024 na ina dakika 132. Kwa maoni yetu imefaulu, tena kwa sababu moja kubwa: kitovu cha hadithi kimehamia kwa Ellen, mke wa kijana anayetumwa ngome ya Orlok. Tangu mwanzo tunaonyeshwa kwamba ni yeye aliyekiita kiumbe hiki akiwa binti mpweke, bila kujua alichokuwa akikiita. Katika filamu ya 1922 Ellen anasoma kitabu na kujitoa sadaka. Hapa anabeba aibu, anaambiwa ni mgonjwa, anafungwa kitandani, na wanaume wenye elimu wanakosea juu yake mmoja baada ya mwingine. Hofu hiyo haihitaji kuifahamu Ujerumani ya 1922. Binti yeyote aliyesema jambo na nyumba nzima ikamwona amechanganyikiwa anaielewa.

Kwa ufundi, mpiga picha Jarin Blaschke alitumia utepe wa filamu wa milimita 35, na kwa matukio ya mbalamwezi aliweka mbele ya lenzi kichujio kinachozuia mwanga mwekundu, ngozi za watu zikaonekana kama za maiti. Bill Skarsgård alifundishwa kuishusha sauti yake, na Orlok wake ana masharubu, amevaa kama bwana wa kale wa milimani aliyezikwa muda mrefu. Wengi walilalamikia masharubu. Sisi tunayatetea: kile kichwa chenye upara na masikio yaliyochongoka kimekuwa kwenye vibonzo vya watoto kwa miaka mingi kiasi kwamba hakimtishi mtu. Eggers aliona kwamba sura hiyo imekufa, akaiacha.

Kasoro zipo. Nusu ya pili ina maelezo mengi mno kutoka kwa profesa, na kila anapoeleza kanuni za mnyonya damu, hofu inapungua. Halafu lipo jambo linalotuhusu sana sisi: filamu ile ilitengenezwa kwa ukumbi wenye giza na spika kubwa. Ukiitazama kwa simu kwenye daladala la Buhongwa saa saba mchana, nusu ya picha ni weusi mtupu. Tutalirudia hili, kwa sababu watazamaji wenu wengi wanatazama hivyo.

Sasa mfano wa kushindwa. Mwaka 1998 Gus Van Sant alitengeneza upya Psycho ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1960, karibu shoti kwa shoti (shoti ni kipande kimoja cha picha kisichokatwa), kwa skripti ileile ya Joseph Stefano na muziki uleule wa Bernard Herrmann, ila kwa rangi. Kila kilichoweza kunakiliwa kilinakiliwa. Haikutisha. Mwaka 1960 hakuna aliyetarajia mwigizaji mkuu auawe bafuni kabla hadithi haijafika katikati, na Hitchcock alishinikiza kumbi zisimruhusu mtu kuingia filamu ikishaanza, ili siri isiharibike. Mtego wote ulisimama juu ya kutojua kwa mtazamaji. Mwaka 1998 kila mtu alikuwa anajua bafuni kuna nini. Van Sant alijenga upya nyumba nzima akasahau kwamba mwizi ameshajulikana.

Damu ya bafuni pia ina somo. Ya 1960 ilikuwa sharubati ya chokoleti, kwa sababu filamu ya nyeusi na nyeupe haijali wekundu, inajali kina cha weusi na namna majimaji yanavyotiririka. Toleo la rangi liliirudisha nyekundu na ikaonekana ya kawaida. Ukibadilisha kitu kimoja, kama rangi, vitu vingine kumi vilivyokitegemea lazima uvifikirie upya.

The Thing inaonyesha kufaulu na kushindwa kwa pamoja. Filamu ya mwaka 1951 ilikuwa na zimwi moja, mwigizaji mrefu ndani ya vazi. Mwaka 1982 John Carpenter aliiruka filamu hiyo akarudi kwenye hadithi ya John W. Campbell ya mwaka 1938, ambamo kiumbe huiga mtu yeyote kwa ukamilifu. Watu kumi na wawili kwenye kituo cha Antaktika, na hakuna anayejua ni nani bado binadamu. Tukio la kupima damu, kila mtu na kisahani chake, waya uliochomwa moto ukiguswa kwenye damu mmoja baada ya mwingine, ni somo kamili la kutengeneza hofu kwa vitu vya bei ndogo: kamba, viti, visahani, waya, na nyuso za waigizaji wanaojua kusubiri. Viumbe vyenyewe vilitengenezwa kwa mpira na mashine na Rob Bottin, aliyekuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo. Mwaka 2011 ikatoka filamu ya kusimulia yaliyotangulia. Mafundi walitengeneza tena viumbe vya kushikika kwa mkono, kisha vingi vikafunikwa kwa picha za kompyuta. Unaona waigizaji wanakodolea kitu ambacho mwanga wa chumba haukigusi, na jicho la mtazamaji linagundua hata kama mdomo wake hauwezi kueleza.

Halloween tutaipitia haraka. Ya 1978 iligharimu takriban dola 325,000, na muuaji wake hana sababu yoyote. Toleo la 2007 likampa utoto wa mateso. Ukishamwelewa muuaji, unamhurumia au unamchoka.

Tuje kwetu ziwani. Hapa ndipo tunataka kukaa, kwa sababu kundi la vijana wenye kamera moja, taa mbili na boti la kukodi linaweza kutengeneza toleo lenye nguvu, likijua eneo lake.

Anzeni na mwanga. Mwanza iko karibu na ikweta, jua huzama karibu na saa moja jioni mwaka mzima, na baada ya kuzama mna dakika kama ishirini tu za ule mwanga wa bluu kabla ya giza. Ulaya ya kaskazini wakati wa kiangazi wanapata mara mbili ya hapo na zaidi. Ratiba mnayoiga kwenye video za mafunzo za Wazungu haitawafaa: kwa dakika ishirini mtapata shoti mbili, tatu mkiwa mmefanya mazoezi kamili kabla. Gawanyeni tukio moja la machweo kwa jioni tatu mfululizo, kamera ikiwa na alama ya chaki juu ya jiwe iliposimama, na angalieni mawingu, maana jioni ya pili ikiwa na wingu zito shoti hazitaungana.

Njia nyingine ni ileile ya Murnau, kupiga usiku mchana. Fanyeni kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi alasiri, kwa sababu jua la utosini linatia vivuli chini ya macho na kuumbua kila kitu. Jua liwe nyuma ya mwigizaji au ubavuni kwa nyuma. Wekeni rangi ya mwanga kwenye kamera kuwa Kelvini 3200, punguzeni mwanga kwa stopu moja na nusu hadi mbili (kila stopu hupunguza mwanga nusu), na anga lisionekane kabisa kwenye fremu, kwani anga jeupe ndilo linalotoa siri. Mwageni maji kwenye mawe. Granaiti ya Mwanza ikilowa hung'aa kama imepigwa na mbalamwezi. Vilima vya Capri Point na miamba ya Igogo ni ukumbi wa kupigia picha ambao waongozaji wengine hulipia mamilioni kuujenga.

Usiku wenyewe unategemea kalenda ya wavuvi. Dagaa huvuliwa siku za giza, na mbalamwezi ikikomaa boti nyingi hupumzika. Mkitaka ile safu ya taa ziwani inayoonekana kama mji unaoelea, pigeni picha wiki ya giza. Mkitaka kukodi boti na watu wake kwa bei ya maelewano, subirini wiki ya mwezi mpevu. Mkichanganya hizi mbili, mtatumia fedha kukodi boti lililopaswa kuwa kazini na mwenye boti atawaondokea saa nne usiku.

Mkiwasha taa za umeme wa nyumbani, kumbukeni umeme wetu ni wa hezi 50, yaani hupiga mara hamsini kwa sekunde. Simu nyingi zinakuja zimewekwa fremu 30 kwa sekunde, na kwa mpangilio huo picha inaweza kupiga mistari inayotembea. Wekeni fremu 25 na kasi ya shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, 1/50 ya sekunde. Taa za bei rahisi za LED zinazotumiwa kwenye mitumbwi zinaweza kupepesa hata kwa betri. Zijaribuni siku moja kabla, mbele ya kamera mtakayoitumia.

Giza kwenye filamu halitengenezwi kwa kukosa mwanga, linatengenezwa kwa tofauti kati ya sehemu yenye mwanga na isiyo nao. Uso wa mhusika anayetakiwa kuonekana usishuke chini ya asilimia 20 kwenye kipimo cha mwanga cha programu ya kuhariri. Ukishusha hapo, mtu wa kwenye simu yenye kioo kilichopasuka ataona weusi tu na atakuacha.

Sauti ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi, kwa sababu makundi mengi huiacha mwisho. Mchana upepo wa ziwa huvuma kuelekea nchi kavu na kuharibu kila neno. Maiki bila kifuniko cha manyoya ni kazi bure. Utulivu mkubwa zaidi mara nyingi ni kati ya saa kumi na saa kumi na moja alfajiri. Rekodini ukimya wa kila mahali kwa dakika moja nzima, mtu asitikisike, maana ukimya wa Malimbe wenye vyura si ukimya wa chumba cha Mabatini chenye friji. Mhariri asipokuwa nao, kila mkato utasikika.

Filamu za kisasa za kutisha zinategemea mngurumo mzito wa chini unaosikika tumboni. Spika ya simu karibu haitoi chochote chini ya hezi 200. Kwa hiyo ule mngurumo mlioununua au kuupakua utakuwa haupo kabisa. Pandisheni hofu kwenye masafa ya katikati: kamba ya boti inayosaga mbao, kasia linalogonga ubavu, pumzi ya mtu, mlango wa bati. Kama mnataka mngurumo ubaki, utieni mkwaruzo kidogo ili upate sauti za juu zinazosikika kwenye simu.

Mwaka 1942, kwenye filamu ya Cat People, mwanamke anatembea usiku, nyayo za nyuma yake zinanyamaza, kimya kinakaa, kisha kishindo chenye mlio mkali, na kumbe ni basi linafunga breki. Hila hii inafaa sana kwenye kituo cha daladala usiku. Itumieni mara moja tu kwenye filamu nzima. Mara ya pili mtazamaji ameshaweka moyo tayari.

Maji yana hatari ambayo hakuna skripti inayoitaja. Msimlaze mwigizaji kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, hata kwa shoti ya dakika mbili. Konokono wa kichocho wako hapo. Tukio la kuzama lifanyeni kwenye tangi, na maji yakitoka ziwani yaacheni yakae siku mbili kabla mtu hajaingia. Kwenye boti, kila mtu na jaketi lake la kuokolea, na mhusika mwenye kanzu au vazi refu alivae ndani. Na ulizeni wenyeji kuhusu viboko na mamba kabla ya kuchagua ufukwe.

Damu tengenezeni hivi. Sukari vikombe viwili na maji kikombe kimoja, chemsheni hadi iyeyuke yote, ongezeni kijiko kimoja cha chai cha maji ya ndimu ili isirudi kuwa chengachenga, iacheni itokote dakika tano, ipozeni. Korogeni kakao vijiko viwili vya chai kwa maji moto kidogo pembeni, isiwe na madonge, ndipo muichanganye. Rangi nyekundu ya chakula kijiko kimoja cha chai, kisha tone moja la bluu, mtazame, na jingine ikihitajika. Mkiongeza wanga ili iwe nzito, inageuka waridi. Chini ya LED za bei rahisi nyekundu huonekana ya machungwa, kwa hiyo ijaribuni kwenye taa ileile. Ya kumwagika kwenye nguo tu iongezeeni sabuni ya maji kidogo ili ifulike, lakini ya mdomoni isiguswe na sabuni. Nunueni shati tatu zinazofanana. Na ifunikeni, kwa sababu kwenye mwalo nzi wanafika kabla ya waigizaji.

Tukirudi kwenye hadithi: mkitengeneza toleo la kwetu, simu ni adui wa kwanza. Filamu za kale ziliishi kwa mtu kutopatikana. Leo kila mhusika ana simu mbili. Msitoe jibu la mkato la betri kuisha. Kwenye maji kati ya visiwa mtandao hupotea wenyewe, na kijana aliyeishiwa bando saa nane usiku ni jambo ambalo kila mtazamaji ameliishi. Vivyo hivyo na Busisi: hadithi iliyojengwa juu ya watu waliokwama usiku wakisubiri kivuko imekufa tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lifunguliwe mwaka 2025. Kule kusubiri kulikuwa ndiko hofu yenyewe, na sasa lazima kutafutiwe mahali pengine.

Kambi ya dagaa kisiwani inaweza kubeba hofu ya The Thing bila kuongeza kitu. Wanaume kutoka mikoa mbalimbali, wanajuana kwa majina ya utani, mmoja anaondoka, mwingine anakuja kushika nafasi yake, hakuna aliyeuliza kwao ni wapi. Anayerudi ziwani alfajiri ni yuleyule aliyeondoka? Zimwi halihitajiki hadi dakika ya sitini.

Mnyonya damu wa kwetu naye hana ngome wala joho. Tangu enzi za ukoloni watu wa Afrika Mashariki walimwogopa mumiani: gari linalopita usiku, watu wenye vifaa, koti jeupe, ndoo, shimo, na ujira unaolipwa kwa siri. Hiyo ni hofu ya kutumiwa na wenye nguvu, na ni tajiri kuliko meno. Lakini hapa tunawaomba msikilize kwa makini, kwa sababu kwetu filamu haiishii kwenye kioo. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa-Mvumi wilayani Chamwino, mkoani Dodoma, watafiti waliokuwa wakichukua sampuli za udongo pamoja na dereva wao waliuawa na watu waliowadhania wanyonya damu. Katika mikoa yetu ya Kanda ya Ziwa, bibi vizee wameuawa kwa kushukiwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe. Watu wenye ualbino wamekatwa viungo na kuuawa.

Kwa hiyo mwongozaji wa hapa anayempaka bibi wekundu machoni ili watu wapige kelele anafanya jambo ambalo mwongozaji wa Ulaya hafanyi, hata kama mekapu ni ileile. Msifanye hivyo. Msimtumie mtu mwenye ualbino kama alama ya mazingaombwe kwenye shoti hata moja. Hatusemi hivi ili filamu zenu ziwe laini. Tunasema kwa sababu hofu kubwa zaidi ya eneo hili iko upande wa pili wa mlango, kwa lile kundi lenye mapanga linalokuja na uhakika.

Na ipo filamu ya kale iliyolijua hili. Night of the Living Dead ya George Romero, mwaka 1968, ilipigwa kwa fedha kidogo karibu na Pittsburgh, watu wachache ndani ya nyumba iliyozingirwa na maiti wanaotembea. Ben, aliyechezwa na Duane Jones, mwigizaji mweusi, anavuka usiku mzima akiwa hai. Asubuhi kundi la wenye bunduki linamdhania maiti na kumpiga risasi. Matoleo na maigizo yake mengi yaliiga maiti wakaacha asubuhi ile, ndiyo maana yanasahaulika. Jina la filamu lilipobadilishwa kabla ya kutoka, tangazo la hakimiliki liliachwa nje ya filamu, na huko Marekani ikawa mali ya umma tangu siku ya kwanza. Hata hivyo pitieni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa ushauri, na kibali cha Bodi ya Filamu kiombwe mapema. Filamu nyingi kati ya nyingine tulizozitaja zina wenyewe: wazo ni huru, lakini majina, wahusika na matukio yaliyoandikwa si yenu.

Nyumba moja ya matofali Sengerema, watu sita, usiku mmoja, na kijiji kinachokusanyika nje kwa sababu mgeni ameonekana akichimba udongo. Mtazamaji asijue hadi alfajiri ni upande upi wenye mazimwi. Tungependa sana kuiona filamu hiyo, tena kutoka kwa mmoja wenu.

Mkimaliza kuhariri, ijaribuni kwa njia tatu kabla ya kuitoa. Kwanza itazameni bila sauti: shoti isiyoeleweka bila maneno ina kasoro ya picha. Pili geuzeni migongo na kuisikiliza tu: mkisikia dakika tatu za muziki bila pumzi wala nyayo, punguzeni muziki. Tatu iwekeni kwenye simu ya kawaida, mwanga wa kioo nusu, muipeleke kwenye banda la video mchana, mlango ukiwa wazi, kwa watu wasiowajua. Mmoja wenu akae mbele akiwatazama wao, si filamu, akiandika dakika na sekunde kila mtu anaposhika simu yake. Mkirudi chumba cha kuhariria, msikate hapo walipochoka. Rudini nyuma sekunde thelathini hadi dakika moja, tafuteni shoti iliyoeleza kitu ambacho walikuwa bado wanakiogopa, muitoe hiyo, kisha muirudishe bandani kwa watu wengine.